Nani Alipie Kisima Kikavu?

Mwaka 1956 wachimbaji walianza kutoboa ardhi ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, wakitafuta mvuke wa kuzalishia umeme. Visima viwili vya kwanza havikutoa mvuke wa kutegemewa, na kazi ikasitishwa. Ikarudiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kati ya kisima cha kwanza na uniti ya kwanza ya umeme ilipita miaka 25. Hakuna benki ya biashara ambayo ingengoja muda huo, wala kampuni binafsi ambayo ingewaeleza wenye hisa wake kwamba fedha zao zimefukiwa katika mashimo mawili ya Bonde la Ufa. Leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Historia hiyo imebeba swali ambalo sera yoyote ya nishati safi inapaswa kulijibu kabla haijataja ruzuku, kodi wala bei: kisima kikitoka kikavu, nani analipa?

Mijadala yetu huanzia kwingine. Huuliza serikali itoe kiasi gani, au ichague nini kati ya jua, upepo na maji. Ni maswali halali, lakini yanatangulizwa mno. Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba kazi kuu ya sera ya nishati ni kugawa hatari. Ardhi yaweza kukosa mvuke. Ujenzi waweza kuchelewa. Njia ya kusafirisha umeme yaweza kubaki kwenye michoro. Mnunuzi aweza asilipe. Sheria yaweza kugeuzwa. Wateja waweza wasiongezeke kama ilivyotabiriwa. Kila mojawapo ya hatari hizi ina mtu anayeweza kuizuia kuliko wengine, au kuistahimili kwa gharama ndogo kuliko wengine, na huyo ndiye anayepaswa kukabidhiwa. Akikabidhiwa asiyeiweza, atadai malipo kwa ajili ya hofu yake, na malipo hayo yatamfikia mwananchi kwenye bili ya umeme hata kama hakuna aliyeyaandika humo.

Kwa nishati safi, gharama ya hofu ni kubwa kuliko kwa nishati ya mafuta, na sababu yake ni ya hesabu. Mtambo wa dizeli hujengwa kwa bei nafuu kiasi, kisha hula mafuta kila siku ya maisha yake. Mtambo wa upepo, jua au jotoardhi hauna bili ya mafuta. Karibu gharama yake yote hulipwa kabla haujazalisha chochote, na fedha hizo hukopwa. Chukua mradi wa dola milioni 100 unaolipiwa kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 5, malipo ya kila mwaka ni takriban dola milioni 8. Kwa riba ya asilimia 15, ni takriban milioni 16. Mitambo ni ileile, upepo ni uleule, wahandisi ni walewale, lakini umeme umekuwa ghali mara mbili kwa sababu tu mkopeshaji ana wasiwasi. Ndiyo maana nchi yenye jua kali inaweza kuuza umeme wa jua kwa bei ya juu kuliko nchi yenye mawingu. Waziri anayetaka umeme wa bei nafuu ana kazi moja iliyo muhimu kuliko kutoa ruzuku, nayo ni kuondoa wasiwasi ambao ni serikali yake pekee inayoweza kuuondoa.

Wasiwasi wa kwanza katika jotoardhi uko chini ya ardhi. Wanajiolojia husoma miamba, hupima joto na gesi zinazotoka ardhini, huchora ramani, lakini mvuke hauthibitiki mpaka mtu atoboe. Kisima kimoja hushuka kilomita mbili hadi tatu na hugharimu mamilioni ya dola. Katika eneo ambalo halijawahi kuchimbwa, kisima cha kwanza kina nafasi ya kufaulu inayokaribia nusu kwa nusu. Kampuni yenye fedha za visima viwili au vitatu inaweza kufilisika kabla haijafika kwenye kile kinachotoa. Serikali inayochimba visima kumi, ishirini, hamsini katika maeneo mbalimbali hufidia vilivyokauka kwa vile vilivyotoa, na maarifa ya kila kisima, hata kikavu, hubaki kuwa mali ya taifa. Hapa hoja ya kuiachia serikali mzigo haitokani na itikadi. Serikali ndiyo yenye mfuko mpana na umri mrefu.

Kenya ililielewa hili, na mwaka 2008 ikaunda Kampuni ya Kuendeleza Jotoardhi, GDC. Wazo lake lilikuwa zuri: kampuni ya umma ichimbe, ithibitishe mvuke, kisha iuze mvuke huo kwa wenye mitambo, ambao hawatakuwa tena na sababu ya kuogopa ardhi. Kisha likaja jaribio la Menengai, jirani na mji wa Nakuru. Uchimbaji ulianza 2011, mvuke ukapatikana, na kampuni tatu binafsi zikachaguliwa kujenga mitambo ya megawati 35 kila moja. Mtambo wa kwanza kati ya hiyo mitatu ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Kwa miaka mingi visima vilivyochimbwa kwa fedha za umma vilikaa na mvuke wake vikingoja.

Menengai inafundisha jambo ambalo waandishi wa sera hulipita haraka. Serikali iliiondoa hatari ya ardhi, ikaacha nyingine mbili mlangoni. Wakopeshaji walitaka kujua nani atawalipa iwapo GDC itashindwa kupeleka mvuke kama ilivyoahidi, na nani atawalipa iwapo Kenya Power, mnunuzi wa pekee, itakosa fedha. Majibu yalihitaji dhamana za Benki ya Maendeleo ya Afrika, barua za serikali, na mazungumzo yasiyokwisha. Hatari za mradi hazijumlishwi tu. Moja ikibaki bila mwenyewe, inatosha kuzuia fedha zote. Wakosoaji wa GDC hutumia ucheleweshaji huu kusema serikali haipaswi kuchimba. Mimi nausoma kinyume. Uchimbaji ndiyo sehemu iliyofanikiwa. Kilichokwama ni sehemu ambayo serikali ilidhani si kazi yake: afya ya kifedha ya shirika linalonunua umeme. Ukitaka kujua sera ya nishati safi ya nchi fulani ina uzito gani, anza kwa kusoma hesabu za mwaka za shirika lake la umeme, ndipo usome mkakati wa tabianchi.

Mfano wa pili uko kaskazini, Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ambako mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulisimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla. Upepo wa huko ni kati ya pepo zenye nguvu na uthabiti mkubwa duniani, na bei iliyokubaliwa, senti 7.52 za yuro kwa uniti, ilikuwa nafuu kuliko umeme wa dizeli. Wawekezaji walibeba hatari ya ujenzi, ikiwa ni pamoja na kutengeneza barabara ndefu ya kupitishia vifaa, na walimaliza kazi yao mwaka 2017. Serikali ilikuwa imejitwika jambo moja, kujenga njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mkandarasi wake kutoka Uhispania akafilisika, kazi ikahamishiwa kampuni za China, na njia ikakamilika Septemba 2018. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mitambo ilisimama kwenye upepo bila pa kupeleka umeme, na kwa mujibu wa mkataba Wakenya wakadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia.

Wengi walihitimisha kwamba kifungu cha fidia kilikuwa wizi. Sikubaliani nao. Mwekezaji hana uwezo wa kupata kibali cha kupitisha nguzo katika kaunti kadhaa, wala kumsimamia mkandarasi wa serikali; kumtaka abebe hatari hiyo kungemfanya adai bei ya juu kwa miaka 20 au asije kabisa. Kosa lilikuwa kwa upande wa serikali, iliyobeba hatari iliyo yake kwa haki, kisha ikaishughulikia kana kwamba ni ahadi ya kawaida ya mradi wa umma ambayo ikichelewa hakuna kinachoharibika. Anayetia saini kwamba atalipa akichelewa anapaswa kuwa ameshalipia ardhi, ameshamchunguza mkandarasi na ameshatenga fedha kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mpangilio bora ulikuwa kujenga njia kwanza, au kuanza kuijenga miaka miwili mapema, kwa sababu njia iliyotangulia upepo hugharimu riba tu, ilhali upepo uliotangulia njia hugharimu riba, fidia na imani ya umma.

Turkana ina fundisho jingine ambalo halimo kwenye majedwali ya benki. Ardhi ya mradi, takriban ekari 150,000, ilikuwa ya jamii za wafugaji, na mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata utaratibu wa kisheria. Hapa hatari ilihamishiwa watu ambao hawakuulizwa, na walioihamisha wakadhani imetoweka. Haikutoweka. Ilirudi kupitia mahakamani, na hukumu ikatoka mitambo ikiwa tayari inazunguka. Wanaosema kushauriana na wenyeji kunachelewesha maendeleo wanapaswa kuiweka kesi hiyo kwenye hesabu zao.

Hatari ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mahitaji: je, umeme utakaozalishwa utanunuliwa? Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 katika miezi 40. Utabiri wa mahitaji uliinuliwa ulingane na matamanio ya viwanda na reli, na mikataba ikaandikwa kwa kufuata utabiri huo. Viwanda havikuja kwa kasi iliyosemwa. Benki ya Dunia ilikuwa imeshajiondoa kwenye mradi wa Turkana mwaka 2012 ikihofia kwamba Kenya ingelazimika kulipia umeme isioweza kuutumia. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, mvuke wa Olkaria umekuwa ukiachwa upotelee hewani. Hasira ya wananchi kuhusu bili ikapanda, jopo la rais la kuchunguza mikataba likaundwa mwaka 2021, na Januari 2022 bei ikapunguzwa kwa asilimia 15. Kisha mkasa ukageuka. Kwa kuwa uwekezaji ulipoa wakati mahitaji yakiendelea kukua polepole, mwaka 2025 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme saa za jioni. Nchi ileile ina umeme wa ziada saa nane usiku na upungufu saa mbili usiku.

Serikali haiwezi kuikwepa hatari ya mahitaji, kwa sababu hakuna anayejenga mtambo wa miaka 20 kwa matumaini ya soko ambalo mnunuzi wake ni mmoja. Inachoweza kufanya ni kutoinunua yote kwa mkupuo. Mikataba midogo inayotolewa kila mwaka kwa ratiba inayojulikana hukosea kidogo, na makosa yake hurekebishika. Mkataba mkubwa uliosainiwa kwa msisimko wa kampeni hukosea kwa vizazi. Tena, fedha zinazotumika kulipia umeme wa usiku usiotumika zingeweza kulipia betri, bei nafuu ya usiku kwa viwanda na kwa pikipiki za umeme, na nyaya kati ya nchi na nchi. Kenya hununua umeme wa maji kutoka Ethiopia tangu 2022 kupitia njia ya aina hiyo. Ni sera zisizo na utepe wa kukata, na ndizo zinazohitajika.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza husema serikali ikae kando, soko lichague. Pingamizi hili hudhani kwamba umeme wa mafuta unasimama sokoni kwa miguu yake. Angalia bili ya umeme ya Kenya: ina kipengele cha gharama ya mafuta, kinachopanda na kushuka kufuata bei ya dunia, na kingine cha mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni. Mwenye mtambo wa dizeli habebi hatari ya bei ya dizeli hata chembe. Mteja huibeba yote, kila mwezi, tangu zamani. Hiyo ni dhamana ya serikali, ila haijaitwa hivyo. Anayepinga dhamana kwa upepo kwa jina la soko huru anapaswa kupinga na hii, la sivyo anatetea tu dhamana aliyoizoea.

Pingamizi la pili lina uzito wa kimaadili. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati duniani. Kwa nini raia wa Nakuru au Mbeya abebe gharama ya kutibu ugonjwa ambao hakuuleta? Ningekubali kama nishati safi huku ingekuwa imejengwa kwa ajili ya tabianchi ya dunia. Haikuwa hivyo. Kenya iliikimbilia jotoardhi kwa sababu ya ukame. Mwaka 2000 mabwawa ya Mto Tana yalipokauka, umeme uligawiwa kwa zamu nchi nzima, na jenereta za dharura zikakodiwa kwa bei ya kuumiza. Deni la tabianchi linalodaiwa nchi tajiri ni la haki na lidaiwe kwa sauti, hasa kwa kuzitaka zibebe hatari ya visima vya mwanzo, kama unavyofanya kwa kiwango kidogo mfuko wa kukabili hatari za jotoardhi ulioanzishwa mwaka 2012 na Tume ya Umoja wa Afrika pamoja na Ujerumani. Lakini mvuke wa Olkaria ungefaa kuchimbwa hata kama dunia isingepata joto hata kidogo.

Wapo pia wanaosema serikali imiliki kila kitu, kwa kuwa tayari inabeba hatari nyingi. Olkaria yenyewe inawapa nguvu, maana sehemu kubwa ya mitambo yake ni ya KenGen, kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi, na umeme wake ni kati ya ule wa bei nafuu nchini. Siipingi njia hiyo pale taasisi ya umma inapokuwa na ujuzi uliojengwa kwa miongo, kama KenGen ilivyo. Ila ujuzi huo haupatikani kwa sheria ya Bunge, na mkopo wa kila mtambo ukiingia kwenye deni la taifa, utashindana na zahanati na madarasa. Fedha za umma zielekezwe kwanza mahali ambapo za mtu binafsi haziwezi kwenda.

Kuhusu bei, historia imeshatoa majibu, na sitakawia hapo. Teknolojia inapokuwa changa, bei ya kuhakikishiwa hufanya kazi: sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ililipa ghali umeme wa jua, ikatengeneza soko, na pamoja na viwanda vya China ikashusha gharama kwa ajili yetu sote. Inapokomaa, bei hiyo hugeuka zawadi, na mnada ndio unaofaa. Afrika Kusini ilianza minada mwaka 2011, na kufikia duru ya nne bei ya umeme wa jua ilikuwa chini ya theluthi ya ile ya mwanzo. Kisha Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ikakataa kusaini mikataba mipya mpaka Aprili 2018, na baadhi ya viwanda vilivyofunguliwa kuhudumia sekta hiyo vikafungwa. Kenya ilianza na bei za kuhakikishiwa mwaka 2008, na sera yake ya minada ikaja 2021, ikiwa imechelewa.

Hatari iliyo rahisi kuliko zote kuondoa ni ile ambayo serikali huizalisha yenyewe. Kwa miaka kadhaa vifaa vya umeme wa jua vilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya, na biashara ya taa na paneli za kulipia kidogo kidogo kwa simu ikashamiri vijijini. Sheria ya Fedha ya 2020 ikaondoa msamaha, ya 2021 ikaurudisha. Gesi ya kupikia ilipandishiwa kodi hadi asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikafutiwa 2023. Hakuna muuzaji anayeweza kuagiza kontena la paneli, wala mama anayeweza kuamua kuacha mkaa, kwa kodi inayobadilika kila Juni. Kodi ndogo isiyobadilika kwa miaka kumi ni sera bora kuliko msamaha unaoweza kufutwa bajeti ijayo, na haihitaji senti moja ya wafadhili.

Tanzania sasa iko karibu na mahali Kenya ilipokuwa zamani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limeipa nafasi ya kupumua baada ya mgawo wa umeme wa 2023, lakini limeiegemeza zaidi kwenye mvua. Shirika lake la jotoardhi, TGDC, linashughulikia Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, ambako visima vingine vitatoa na vingine vitakauka. Visima vikavu visigeuzwe kashfa bungeni; ni ada ya kujua kilichomo chini. Kashfa ya kweli huwa kwenye mikataba, na kwa muda mrefu mikataba ya kununua umeme katika ukanda wetu imefungiwa kabatini kwa hoja ya siri ya biashara, hata pale inapomfunga mlipa kodi kwa miaka 20 au zaidi. Mwananchi ndiye mbebaji wa mwisho wa kila hatari ambayo wengine wote wameikwepa. Basi wabunge wa Dodoma na Nairobi watunge sheria ya sentensi moja: kila mkataba wa kununua umeme uchapishwe, pamoja na jedwali la nani analipa kipi kikiharibika, siku 60 kabla ya kutiwa saini.